Ua jeupe lisilo na jani: namna ya kulitambua na kulitenga na wanaofanana nalo

Anayekutana nalo mara ya kwanza husema ni uyoga, na huwezi kumlaumu. Limechomoza kwenye majani makavu chini ya miti mikubwa, halina kijani popote, na mvua nzuri ikinyesha, baada ya siku chache unakuta yamejaa mahali ambapo hapakuwa na kitu. Shina ni jeupe, laini, lina ule mng'ao hafifu wa mshumaa na linapitisha mwanga kidogo ukilitazama kuelekea jua. Juu yake kuna kichwa kimoja tu, kimeinama kutazama ardhi.

Si uyoga. Ni mmea kamili wenye maua na mbegu, wa familia ya Ericaceae, yaani familia ileile ya vichaka vya Erica vinavyofunika miinuko ya Kilimanjaro na Rwenzori juu ya mpaka wa msitu. Carl Linnaeus aliuingiza kwenye orodha yake mwaka 1753 kwa jina la Monotropa uniflora. Wenye Kiingereza chao huuita kiko cha mzimu, kwa kuwa shina na ua lililopinda huleta umbo la kiko cha tumbaku, na hilo ndilo jina nitakalolitumia hapa. Makazi yake ni Amerika Kaskazini, kuanzia Kanada kuteremka hadi Amerika ya Kati na kaskazini mwa Kolombia, pamoja na Asia ya Mashariki hadi Himalaya. Afrika haupo. Ila wasemaji wa Kiswahili wapo huko ulipo, Maine, Kentucky, Ohio, Ontario, na wengi wao ni watu wa Kongo waliokulia kwenye uyoga wa porini, ambao wakiingia msituni macho hushuka chini yenyewe. Kwa watu hao swali la "hiki ni nini?" si la mchezo. Linaweza kuishia kwenye sufuria.

Kipimo cha kwanza kinataka uchafuke magoti. Inama mpaka uone ndani ya kile kichwa kwa kutokea chini. Uyoga wenye kofia utakuonyesha mikunjo myembamba iliyopangwa kuuzunguka mguu, au vitundu vidogo. Kiko cha mzimu kitakuonyesha petali, kwa kawaida 5, mara nyingine 4 au 6, zimesimama zikishikana kama ukuta wa kengele. Ndani ya petali kuna stameni, yaani vijiti vinavyobeba chavua, kwa kawaida 10, vichwa vyake vikiwa na rangi ya njano iliyochuja, zimeizunguka ovari, kifuko cha mbegu, nene ya kijungu. Juu ya ovari kuna stigma, mahali chavua inapotua, pana yenye shimo katikati. Ukishaiona stigma hiyo, mjadala wa uyoga umekwisha, maana hakuna uyoga wenye ovari.

Halafu pandisha macho kwenye shina. Utaona vigamba vyeupe vimelibana, vichache chini na vingi kidogo karibu na ua. Hayo ndiyo majani, au tuseme ndicho kilichobaki cha majani. Urefu wa mmea wote ni kati ya sentimita 10 na 30. Wengine hutoka na rangi ya waridi, na mara chache wekundu kabisa, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba lazima uwe mweupe. Ukiuminya au kuuchuna, pale palipoumia pataanza kuwa peusi. Tabia hii huwasumbua wanafunzi wa botania: sampuli zilizokaushwa na kuhifadhiwa makumbushoni huwa nyeusi tititi, na mtu aliyejifunza kwa kutazama sampuli akienda msituni hatambui kitu.

Jambo jingine ni shingo. Ua likiwa bichi huinama, na nyuki wakubwa wenye manyoya wa jenasi ya Bombus hulijia kwa chini. Likishachavushwa, shingo hunyooka polepole mpaka tunda linasimama wima likitazama juu. Baadaye mmea wote hugeuka kahawia, unakakamaa, na kupasuka kutoa mbegu ndogo kama vumbi ambazo upepo huzichukua. Kwa hiyo mmea uleule ukiupiga picha Julai na tena Oktoba, mtu asiyejua atakuambia ni mimea miwili.

Sasa tufike mahali ambapo wengi hupotea. Watu hudhani mimea isiyo na majani ni kundi moja, kwa hiyo wakipata jina la mmoja wanawabandika wote. Kukosa majani ni namna ya kula. Si ukoo. Mimea ya koo nyingi zisizojuana kabisa iliacha, kila mmoja kwa wakati wake, kazi ya kujitengenezea chakula kwa jua. Anayeiacha kazi hiyo hana haja ya klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga, asiye na klorofili hana haja ya jani pana, na mwisho wa safari wote wanabaki na shina tupu lenye rangi ya kuparara. Ndiyo maana rangi na utupu wa shina, vitu viwili ambavyo jicho huvishika kwanza, ni alama dhaifu kuliko zote. Alama za kutegemea ni ua lenyewe, kwa kuwa maumbile ya ua hutunza habari za ukoo hata majani yakiisha, na yule anayeulisha mmea huo chini ya udongo.

Huyo wa chini ya udongo ana historia yake. Kwa muda mrefu vitabu viliandika kwamba kiko cha mzimu na jamaa zake hula majani yaliyooza. Maelezo hayo yalionekana ya akili, maana mmea unaota palepale kwenye uozo. Lakini hakuna mmea wa maua unaojulikana kuwa na uwezo wa kuyeyusha majani yaliyooza na kuyala wenyewe. Kazi hiyo ni ya uyoga na bakteria. Mtu aliyelifungua fundo ni Mpolandi Franciszek Kamieński. Mwaka 1881 alichapisha uchunguzi wa mizizi ya Monotropa hypopitys, ndugu wa kiko cha mzimu anayepatikana Ulaya. Aliona kwamba mizizi imevikwa ala nzito ya nyuzi za uyoga, kiasi kwamba mzizi wenyewe haugusi udongo. Kama haugusi udongo, basi lolote linaloingia lazima lipitie kwa uyoga. Miaka 4 baadaye Mjerumani Albert Bernhard Frank, ambaye serikali ya Prussia ilikuwa imemtuma atafute njia ya kulima trufo, uyoga wa chini ya ardhi unaoliwa, na wala si kuchunguza maua, aliupa uhusiano huo wa uyoga na mizizi jina la mikoriza.

Bado palibaki swali: uyoga nao unakitoa wapi chakula? Mswidi Erik Björkman alilijibu mwaka 1960 kwa namna ninayoipenda kwa urahisi wake. Alidunga ndani ya miti ya msituni sukari yenye kaboni ya mnururisho, ambayo vipimo vinaweza kuifuatilia, kisha akaenda kupima Monotropa iliyoota jirani. Ile kaboni ilikuwa imeshafika huko. Sukari ilitoka kwenye mti, ikaingia kwenye nyuzi za uyoga zilizoshikamana na mizizi ya mti, ikatoka upande wa pili ndani ya ua lisilo na jani. Baadhi ya mimea aliizungushia mabati udongoni ili kukata mawasiliano na mizizi ya miti, na iliyokatwa hivyo ilidumaa.

Biashara ya kawaida kati ya mti na uyoga ni ya kupeana. Mti unatoa sukari. Uyoga, ambao nyuzi zake hufika mahali mzizi hauwezi kupenya, unaleta maji, naitrojeni na fosforasi. Kiko cha mzimu kimeingia katikati ya biashara ya watu kikachukua sehemu ya sukari, na malipo yoyote kinayorudisha hayajaonekana. Kwa maana hiyo ni kimelea cha uyoga, na mti ndio unaolipa bili bila kujua. Katika dunia nzima kuna spishi zipatazo 500 za mimea zinazoishi kwa kuwategemea uyoga kikamilifu namna hii.

Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa Marekani mwaka 1996 uliongeza jambo lenye faida kubwa kwa anayetaka kutambua: jamaa hawa ni wachaguzi. Kila mmoja ana uyoga wake. Kiko cha mzimu hunyonya uyoga wa familia ya Russulaceae, yaani Russula na Lactarius. Ndugu yake wa njano hunyonya Tricholoma. Wakubwa wekundu wa magharibi mwa Marekani hunyonya Rhizopogon. Ndiyo maana mwezi wa Julai au Agosti, ukiwa kwenye kiko cha mzimu, inafaa uzungushe macho hatua chache. Mara nyingi utaziona kofia za Russula, nyekundu, njano au nyeupe, zenye mguu unaovunjika mkato mmoja bila nyuzinyuzi. Ukikata Lactarius utaona utomvu ukichuruzika kwenye mikunjo. Aliyekulia kwenye miombo ya Katanga au Tabora atazitambua jenasi hizi papo hapo, kwa kuwa miti ya miombo nayo hufanya mikoriza na Russula na Lactarius, na baadhi yao ndio wanaouzwa kwenye ndoo kando ya barabara masika yakianza. Jenasi ni zilezile, spishi siyo, kwa hiyo tafadhali usile Russula ya Ohio kwa kumbukumbu ya Russula ya nyumbani.

Haya, wanaofanana.

Wa kwanza ni huyo ndugu yake, Monotropa hypopitys, ambaye wataalamu wengine humwandika Hypopitys monotropa. Tofauti kubwa ni idadi ya maua. Kiko cha mzimu kina ua moja kwa kila shina, huyu ana kishada cha maua kadhaa kwenye shina moja. Rangi yake huwa njano au ya malai wakati wa kiangazi, na yale yanayotoka majira ya kupukutika huelekea wekundu. Wanaoanza hukosea hapa kwa sababu kiko cha mzimu hutoka kwa mafungu: mashina 5 au 12 yamebanana kutoka tonge moja la mizizi, na mtu akitazama kutoka juu anaona "maua mengi". Fuata shina moja moja kwa kidole mpaka ardhini. Hesabu kwa shina, siyo kwa fungu.

Wa pili ndiye mjanja zaidi, Aphyllon uniflorum, ambaye vitabu vya zamani vinamwita Orobanche uniflora. Naye ana ua moja kwa kila kikonyo, naye hana majani, naye ni mweupe uliochanganyika na zambarau. Lakini ua lake ni mrija mrefu uliopinda, mdomo wake umepasuka mapande 5 yaliyotandazika, na ndani kuna stameni 4 tu. Hizo 4 dhidi ya zile 10 zinamaliza kesi. Pia huyu hahangaiki na uyoga. Anautoboa mzizi wa mmea mwingine moja kwa moja na kunyonya. Huchanua mapema, kuanzia majira ya kuchipua, na mara nyingi utamkuta penye uwazi na unyevu kuliko kwenye giza la msitu.

Katika kundi hilohilo la wanyonya mizizi, lililo katika familia ya Orobanchaceae, wapo wawili wa mashariki mwa Marekani ambao hujulikana kwa mti wanaoishi chini yake. Epifagus virginiana hupatikana chini ya Fagus grandifolia peke yake: vijiti vyembamba vya kahawia vyenye matawi, ambavyo mpita njia huvidhania matawi makavu. Conopholis americana hupatikana chini ya mialoni, mnene, wa njano iliyofifia, umejaa vigamba vilivyopangana, na kweli ukiuona unafanana na gunzi la mahindi lililosimikwa ardhini.

Okidi nazo zimo. Corallorhiza ni okidi zisizo na majani za kahawia, zambarau au njano, na shina lao la chini ya udongo lina matawi mafupi yaliyovimba kama tumbawe. Huhitaji kufukua. Ua la okidi lina petali moja iliyo tofauti na nyingine, ile inayoitwa mdomo, mara nyingi nyeupe yenye madoa. Ua la kiko cha mzimu halina mdomo. Petali zake zote ni sawa.

Wa magharibi nawapitia haraka kwa sababu hawachanganyi mtu akishaambiwa: Pterospora andromedea, mwekundu wa kahawia, unaonata, unaoweza kufika urefu wa mita 1, Sarcodes sanguinea wa milima ya Sierra Nevada, mwekundu wa damu, unaochomoza theluji inapoyeyuka, na Allotropa virgata mwenye mistari mieupe na myekundu kwenye shina. Wote watatu ni wa upande wa Ericaceae, wanyonya uyoga.

Na kwa kuwa tulianza na uyoga, nitaje pia uyoga wa kweli unaoweza kukuhadaa kwa mbali: Clavaria fragilis, vijiti vyeupe vinavyosimama kwa mafungu kwenye majani makavu. Ukisogea, hakuna vigamba, hakuna ua, na kijiti kinavunjika kwa kukigusa.

Watu wananiuliza kama unaliwa au ni dawa. Kuna biashara inayokua mitandaoni ya kiko cha mzimu kilichorowekwa kwenye pombe, kimiminika chenye rangi ya zambarau iliyokoza, kinachouzwa kama kituliza maumivu. Familia ya Ericaceae ina mimea yenye sumu inayoitwa grayanotoksini, na mchuuzi wa mtandaoni akikupimia matone ujue dozi hiyo ni ya kichwani mwake. Mimi sigusi. Zaidi ya hayo, mmea huu haulimwi: mbegu haioti bila uyoga wake, na uyoga hauishi bila mti wake. Kila chupa inayouzwa ni mimea iliyong'olewa msituni. Katika hifadhi za taifa za Marekani kuchuma mimea ni kosa, na kuuhamishia bustanini ni kuuua tu, kwa kuwa huwezi kuhamisha mti mzima na nyuzi zake zote.

Msomaji aliyeko Morogoro au Kwale anaweza kuwa anajiuliza yote haya yanamhusu nini. Yanamhusu, kwa sababu mimea isiyo na majani tunayo, na kosa la kuwaweka wote kapu moja tunalifanya pia. Ule mtandao wa nyuzi za njano na kijani unaojitandaza juu ya vichaka vya ufukweni, mlangamia, ni kimelea cha shina. Jina lake la kitaalamu ni Cassytha filiformis, na ni jamaa wa mparachichi na mdalasini. Hydnora abyssinica ya nyika kavu za Kenya na Tanzania hunyonya mizizi ya mikakaya na jamaa zake, na kinachotokeza juu ya ardhi ni ua tu, nene, lenye harufu ya uozo inayowaita mbawakawa. Kiduha kinachoangamiza mahindi na mtama ni cha familia moja na Epifagus, ila bado kina majani ya kijani, yaani hakijaacha kazi kabisa.

Wanyonya uyoga wa kwetu nao wapo, na ni wadogo mno. Gymnosiphon usambaricus wa familia ya Burmanniaceae umebeba jina la milima ya Usambara. Kihansia lovettii wa familia ya Triuridaceae, unaotokana na bonde lilelile la Kihansi lililotupa yule chura maarufu, ulipewa jina la kisayansi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Afrothismia, jenasi yenye spishi Kenya na Tanzania lakini nyingi zaidi Kameruni, ilitengewa familia yake yenyewe mwaka 2024. Hawa hawatumii Russula wala uyoga wowote wenye kofia. Uyoga wao ni ule wa hadubini unaoishi ndani ya mizizi ya miti mingi ya msitu wa mvua, hivyo ile mbinu ya kutafuta kofia jirani haitakusaidia Udzungwa. Huku itabidi utegemee ua peke yake, na ua lenyewe linaweza kuwa na upana wa milimita chache.

Ukiupata, usiung'oe. Piga picha ya upande mzima kutoka ardhini hadi juu, ya ndani ya ua kutokea mbele au chini, ya vigamba vya shina kwa karibu, na ya miti iliyo juu yako pamoja na majani yake. Weka sarafu kando ili ukubwa uonekane, andika tarehe na mwinuko, kisha rudi wiki mbili baadaye upige picha ya tunda, maana tunda nalo husaidia kuthibitisha spishi.